Kushindana na Kushirikiana

Mtu ashindanaye hupenda kuficha, na mtu ashirikianaye hana budi kufunua. Kwa ajili hiyo watu wengi hudhani kwamba mashindano na ushirika ni mahasimu wasioweza kukaa nyumba moja. Wapo wasemao kuwa ushirika humlemaza mwenye bidii, na wapo wasemao kuwa mashindano humharibu mwenye utu. Kila upande una ushahidi wake. Lakini maisha hayakuyatenga mambo haya kama wasemaji walivyoyatenga. Wakulima wa mashamba yanayopakana hushindana kwa wingi wa mavuno, na siku ya palizi hualikana. Wavuvi hushindana kuwahi samaki, na mashua moja ikipata dhoruba zote hugeuza tanga. Kwamba mambo haya mawili yaweza kukutana, hapana shaka. Lifaalo kuulizwa ni katika jambo gani yakutane, na kwa masharti gani.

Misigiri ni mji mdogo wa njia panda katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hupita hapo, na barabara ya Kiomboi, makao makuu ya wilaya, huchepuka hapo. Magari makubwa huutua mji huo kwa chai na kuku wa kuchoma kabla ya kuteremka mlima wa Sekenke kuelekea Shelui. Msimu wa alizeti ukifika, magunia hupangwa kando ya njia, na maneno ya wanunuzi na wauzaji huwa mengi. Msikilizaji mgeni hudhani kuwa wanagombana juu ya bei. Mwenyeji ajua kuwa mara nyingi wanagombana juu ya kipimo. Gunia la mkulima lina mdomo ulioshonwa palipoishia gunia. Gunia la mchuuzi huongezwa kilemba cha kamba juu, likaitwa lumbesa. Sheria hukataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo huwaandama wanaoifunga, lakini haijakoma. Watu wawili husimama mbele ya mzigo mmoja, kila mmoja akitaja neno "gunia", na hawasemi kitu kimoja.

Katika mabishano hayo alikulia mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe, ambaye sasa hufundisha shule ya sekondari katika pande hizo. Mama yake aliuza alizeti, naye tangu utoto alishika mdomo wa gunia huku mama akishindilia. Kitu kingine alichokulia nacho kilikuwa maji ya kisima cha kijiji chao bondeni. Maji hayo yalikuwa maangavu, hayana harufu wala tope, na yalimwachia madoa ya rangi ya chai katika meno yake yote ya mbele. Alipokwenda Chuo Kikuu aliona wenzake wa mikoa mingine wakicheka midomo wazi. Yeye akajifunza kucheka kwa kuweka kiganja mdomoni, na desturi hiyo haijamwacha.

Sababu ya madoa hayo aliijua darasani. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania, pamoja na Arusha, Manyara, Shinyanga na mingine, ambayo maji yake ya ardhini katika mahali pengi yana floridi kupita kiasi. Floridi hutoka katika miamba. Kidogo chake hufaa meno. Kingi chake huyatia madoa meno ya mtoto yangali yakiumbika ndani ya ufizi, na kikinywewa miaka mingi huweza kukakamaza viungo na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Ubaya wa floridi ni kwamba haionekani wala haionjeki, na maji yakichemshwa haitoki. Kinyume chake huzidi, maana maji hupungua na yenyewe hubaki. Mama yake alikuwa akiyachemsha maji ya watoto kila jioni kwa mapenzi makubwa, na mwalimu hakupata ujasiri wa kumweleza maana ya kazi ile.

Huko huko Chuo Kikuu alisoma habari za mashindano yaitwayo iGEM. Chanzo chake kilikuwa somo la mwezi mmoja lililofundishwa Januari 2003 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Mwaka 2004 vyuo vitano vya Marekani vilishindana. Mwaka 2005 timu zikawa 13, na baadhi zilitoka nchi nyingine. Siku hizi timu zaidi ya 300 hushiriki katika mwaka mmoja, na tangu 2022 mkutano wao mkuu umekuwa ukifanyika Paris. Wanafunzi hushindana katika baiolojia sanisi, yaani elimu ya kuunga vipande vya DNA na kuvitia ndani ya bakteria au kiumbe kingine, ili kifanye kazi ambayo hakikuizoea: kutoa rangi, kutambua sumu, kutengeneza dawa. Kama fundi seremala alivyo na misumari ya vipimo vinavyojulikana, waanzilishi wa elimu hii walitaka kila kipande kiwe na viungo vinavyolingana na vya vipande vingine, ili alichokitengeneza mmoja kikae katika kazi ya mwingine.

Hapa ndipo ajabu ya mashindano hayo ilipo. Vipande vilivyotengenezwa na timu za mwaka mmoja viliwekwa katika hazina ya pamoja, na timu za mwaka uliofuata zikavipokea. Kanuni ya hazina ilikuwa fupi: anayechukua naye atoe. Kwa hiyo mshindi wa leo alimwachia mpinzani wa kesho silaha zake zote. Wanafunzi wa Texas walioshiriki mwaka 2004 walishirikiana na watafiti wa San Francisco, ambao walikuwa na kipande cha kuhisi mwanga. Wakawafanya bakteria wapige picha juu ya sahani, na mwaka 2005 habari hiyo ikachapishwa katika jarida la Nature kwa majina ya pande zote mbili. Wanafunzi wa Edinburgh mwaka 2006 walibuni bakteria wa kutambua aseniki katika maji ya kunywa, wakiwafikiria watu wa Bangladesh ambao visima vyao vina sumu hiyo. Kazi yao haikuishia katika medali. Baadaye watu wa Edinburgh na wa Cambridge, ambao katika mashindano ni wapinzani, waliiendeleza kwa pamoja. Iliposimama, ilisimama mbele ya mlango wa sheria za viumbe vilivyobadilishwa, na mlango huo hakuna timu iwezayo kuufungua peke yake.

Lakini jambo jema likiandikwa katika kanuni, huenda likapoteza nusu ya wema wake. Kwa miaka kadhaa ushirikiano na timu nyingine ulikuwa katika masharti ya kupata medali. Palipokuwa na sharti pakawa na njia ya mkato. Baadhi ya timu zilitumiana orodha za maswali, zikajibiana kwa haraka, zikapiga picha ya pamoja, na kila moja ikaandika kuwa imeshirikiana. Hao walifanana na jirani anayekuja matangani akatia sahihi katika daftari ya rambirambi, kisha akaondoka kabla ya maiti kutolewa nje. Ameonekana, lakini hakubeba jeneza. Ushirika wa kweli hujulikana kwa mzigo: lazima pawe na kitu ambacho mmoja hawezi kukiinua.

Kitu cha namna hiyo kilikuwapo, nacho kilikuwa kipimo. Maabara nyingi zilipima ung'aavu wa bakteria waliotiwa protini ya kijani, ambayo asili yake ni yavuyavu wa baharini. Kila mashine ilitoa tarakimu zake. Maabara moja ikisema 500 na nyingine ikisema 20,000, hapana aliyejua kama bakteria walikuwa tofauti au mashine zilikuwa tofauti. Ilikuwa lumbesa ya wenye elimu. Tangu mwaka 2014 timu za iGEM zilialikwa kupima vitu vile vile kwa utaratibu ule ule, na kupeleka tarakimu zao mahali pamoja. Katika kazi ya miaka ya mwanzo, iliyochapishwa mwaka 2016, zilihesabiwa maabara 88 kutoka pande nyingi za dunia. Katika kazi ya 2018, iliyochapishwa mwaka 2020, zilikuwa 244, na swali lilikuwa jepesi kulitamka: bakteria wangapi wamo ndani ya chupa hii? Jawabu bora lilipatikana kwa kulinganisha kila mashine na chembe ndogo za silika ambazo idadi yake inajulikana. Profesa mmoja mwenye mashine ya fahari asingeweza kuipata elimu hiyo, kwa kuwa kilichotafutwa kilikuwa tofauti baina ya mtu na mtu. Wanafunzi walioshindana waliipata, kwa sababu walikuwa wengi na walikubali makosa yao yaonekane.

Mwalimu alirudi Iramba na habari hizo kichwani, na kwa muda mrefu hazikumfaa kitu. Shule yake haikuwa na mashine ya kupima ung'aavu. Ilikuwa na hadubini moja yenye kioo kilichopasuka. Kisha ukafika msimu ambao vikundi vya sayansi vya shule mbili vilijiandaa kwa maonyesho. Bila kuambizana, vyote viwili vilichagua maji ya kijiji kimoja chenye visima viwili. Kisima cha chini kiko karibu na nyumba. Cha juu ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Vikundi vyote vilitumia karatasi za kupimia floridi, ambazo hubadilika rangi zikichovywa, na rangi yake hulinganishwa na kadi. Wanafunzi wa mwalimu huyu wakasema kisima cha chini ni kibaya sana. Wanafunzi wa shule ya pili wakasema hakina neno. Maneno yakavuka uwanja, wakaitana waongo.

Mwalimu alimwendea mwenzake wa shule ya pili, akamwomba waweke daftari zao pamoja mezani.

"Dada," akajibu yule, "washindani hawaonyeshani daftari. Tuonane siku ya maonyesho, waamuzi waamue."

"Kaka yangu," akasema mwalimu, "waamuzi watatoa zawadi. Hawanywi maji ya kisima kile."

Mwenzake alinyamaza kitambo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi waliofanya kazi wiki tatu, naye aliogopa kuwavunja moyo. Mwisho alikubali kwa sharti kwamba kila upande upime mbele ya upande mwingine. Mwalimu akajaza chupa za namna moja kutoka ndoo moja, maji ya kisima cha chini katika baadhi na ya kisima cha juu katika baadhi, akaziandika tarakimu badala ya majina. Akaongeza chupa ya tatu kwa kila kikundi. Maji yake yalitoka katika maabara ya mjini, na floridi yake ilikuwa imekwisha kupimwa, miligramu 2 katika lita. Siri ya chupa hiyo hakumwambia mtu.

Siku hiyo ukweli ulikuja kwa njia ya aibu, kama ujavyo mara nyingi. Kwa chupa ya tatu kikundi cha kwanza kilisoma karibu 3, na kikundi cha pili kilisoma 1. Mwalimu alipofunua siri, hapana aliyesalimika. Kundi moja lilikuwa likitazama rangi uwanjani penye jua kali. Jingine lilitazama ndani ya chumba chenye dirisha moja. Tena karatasi za kundi la pili zilikuwa zimefunguliwa tangu mwaka uliopita na kunyonya unyevu. Hapakuwa na mwongo hata mmoja. Palikuwa na magunia mawili yenye jina moja. Wakapima upya kivulini, kwa karatasi za pakiti moja, wakianza na chupa ya kipimo kinachojulikana. Tarakimu zikakaribiana. Kisima cha chini kilikuwa juu ya mpaka, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko walivyotangaza wanafunzi wa mwalimu. Cha juu kilikuwa chini ya mpaka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na siku hiyo ilionekana kuwa macho ya kundi moja hayasomi rangi.

Vikundi viwili vikapeleka maonyeshoni kazi moja yenye majina ya shule mbili. Utaratibu wa maonyesho haukuwa na nafasi ya kazi ya namna hiyo. Waamuzi waliisifu, wakatazamana, wakaipitia. Zawadi ikaenda kwingine. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu alilia waziwazi, akamwuliza mwalimu kama wangenyamaza wasingeshinda. Mwalimu hakumdanganya. Alimjibu kuwa huenda wangeshinda, na kwamba kama wangeshinda, wangeshinda kwa tarakimu ya uongo.

Kijijini mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mzee mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti yangu, kisima hiki tulikichimba kwa michango yetu. Wataka tukifukie?" Mwalimu, baada ya kumwamkia tena kwa heshima, alimweleza kuwa kisifukiwe: maji yake yanafaa kufua, kuoga na kujengea. Kilichotakiwa ni maji ya kunywa ya watoto wadogo, wale ambao meno yao bado hayajaota, yatoke kisima cha juu, au yakingwe ya mvua masika. Hapo akaondoa mkono mdomoni, akawaonyesha wanawake waliokuwapo meno yake. Baadhi yao walianza kupanda kilima na ndoo moja ya pekee kwa ajili ya watoto. Wengine walijaribu wiki mbili wakachoka, na asiyepata kubeba ndoo mwendo wa zaidi ya saa moja asiwalaumu.

Elimu ile ya mbali nayo imeanza kuyakaribia maji haya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wametengeneza kipimo cha floridi kwa njia ya baiolojia sanisi. Ndani yake hamna kiumbe hai. Mna vifaa vya seli vilivyokaushwa, ambavyo vikitiwa tone la maji yenye floridi hugeuka rangi ya manjano. Kilijaribiwa kwanza Costa Rica, na baadaye katika nyumba za vijijini nchini Kenya. Faida yake kwa nchi kama Tanzania si ndogo, maana hofu ya viumbe vilivyobadilishwa ingaliko: majaribio ya mahindi ya namna hiyo yaliyoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, yaliamriwa yasimame mwaka 2018. Na kuhusu kuitoa floridi, kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kusafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Basi mtu wa Iramba anayo mahali pa kuuliza bila kuvuka bahari.

Hata hivyo mkono mtupu haulambwi. Timu itakayo kuingia iGEM hulipa ada ya maelfu ya dola kabla ya kununua chupa moja ya dawa, kisha yapo mabomba ya maabara, nauli na hati za kusafiria. Afrika ya Mashariki ina vijana wenye akili ya kutosha. Kinachopungua ni kile ambacho chuo kimoja hakiwezi kukibeba. Wataka kushindana na dunia hawana budi kwanza kushirikiana nyumbani: mashine moja kwa vyuo vitatu, hazina moja ya vipande, chupa moja ya kipimo inayozunguka kutoka maabara hata maabara. Na waandaaji wa mashindano, makubwa kwa madogo, wafanye lile ambalo maonyesho yale hayakulifanya, yaani watenge nafasi kwa kazi yenye majina mawili. Kijana aliyeadhibiwa mara moja kwa kushirikiana hatasahau somo hilo kwa urahisi.

Shule zile mbili bado ni wapinzani. Hushindana katika mpira, katika mitihani na katika sayansi, na kila moja hufurahi nyingine ikishindwa. Lakini chupa ya miligramu 2 huandaliwa upya kila mwaka, na hukaa nusu ya muhula shule hii na nusu shule ile. Na hapana kikundi kinachopima maji kabla ya kuanza nayo. Mwalimu wa shule ya pili ndiye huibeba kwa baiskeli mpaka Misigiri, akapita katikati ya magunia ya alizeti na kelele za wachuuzi, na kuikabidhi kwa mkono.